MDHARAU MWIBA MGUU HUOTA TENDE
Kidonda kidogo, matatizo yaliyopita bila kuonekana, na haki ya mgonjwa



Katika ukurasa huu tumekwisha kusema mara nyingi juu ya kofia, viatu, glavu na miwani. Leo tunasema juu ya siku zinazofuata ajali. Wala si ajali kubwa, ile inayosimamisha kazi yote na kuita ambilansi. Tunasema juu ya ajali ndogo: jiwe limechana kiganja, nyundo imegonga kidole, chukudu yenye mzigo imepita juu ya mguu, chembe imeruka jichoni. Mtu anafuta damu, anafunga kitambaa, anarudi kazini. Siku ya nane analetwa dispanseri mataya yamekaza. Mwingine anakuja baada ya mwezi, kidole hakikunji tena. Hapo jamaa wanauliza: nani amekosa? Muuguzi? Daktari? Kampuni? Ama mgonjwa mwenyewe? Mara nyingi ulizo hilo linakosa jibu, kwa sababu hakuna mtu aliyeandika kitu.

Neno tunaloomba mlishike ni hili: kidonda kidogo hakipimwi kwa ukubwa wake wa siku ya kwanza, kinapimwa kwa mwendo wake katika siku zinazofuata. Anayetaka kupona lazima aufuate mwendo huo. Na anayetaka kudai haki yake, kama alitibiwa vibaya, atatakiwa kuuonyesha mwendo huo huo, siku kwa siku, juu ya karatasi.

MAWE YETU YA LAC VERT

Sisi wa Lac Vert, upande wa magharibi wa Goma kwenye njia ya Sake, tunafanya kazi juu ya mawe ya volkano. Ziwa lenyewe la kijani limelala ndani ya krateri ya zamani. Kila anayevunja mawe katika karieri anajua tabia ya lava: ina matundu matundu, na mahali inapovunjika ukingo wake ni mkali kama chupa. Ikimkata mtu, inaacha ndani ya nyama chembe na vumbi ambavyo jicho halivioni. Na udongo ulioshikamana nayo ni udongo ule ule tunaokanyaga sisi, mbuzi na ng'ombe. Katika udongo wa namna hiyo ndimo inamokaa mbegu ya pepopunda.

Jambo moja la mahali petu tusilisahau: ukimpumzisha mtu aliyeumia, usimlaze katika shimo au bonde dogo. Mazuku, ile hewa nzito isiyo na harufu, hukusanyika mahali pa chini, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mlaze mahali palipoinuka.

MATATIZO SITA YANAYOJIFICHA

1. Pepopunda (tetanosi). Mbegu yake inaingia hata katika tundu dogo la mwiba au msumari. Mara nyingi dalili zinatokea kati ya siku ya 3 na siku ya 21, wakati kidonda chenyewe pengine kimekwisha kukauka. Taya linakuwa gumu, kumeza kunasumbua, shingo na tumbo vinakaza, kisha mwili wote unashikwa na mikazo. Mtu wa namna hii aende hospitali saa ile ile. Kinga yake ni chanjo. Katika nchi yetu watoto wanachanjwa, na akina mama wanachanjwa wakiwa na mimba, lakini wanaume wengi wazima hawakumbuki chanjo yao ya mwisho. Mtu mzima asiyechanjwa kamwe anaanza na sindano mbili zinazoachana wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6 au zaidi, kisha nyingine mbili katika miaka inayofuata. Aliyekamilisha chanjo, akiumizwa na kitu kichafu na miaka 5 imepita tangu sindano ya mwisho, aongezewe moja. Asiyechanjwa, kama kidonda ni kichafu, anahitaji pia dawa ya kinga iliyo tayari, inayoitwa imunoglobulini.

2. Kitu kilichobaki ndani. Kidonda kimeshonwa vizuri juu, lakini kipande cha jiwe au cha kioo kimelala chini. Baada ya siku chache kinavimba, kinatoa usaha, kinafunga, kinafunguka tena. Kidonda kinachofunga na kufunguka kila mara kinasema kwamba kuna kitu ndani, au kwamba mfupa umeanza kuoza. Kubadilisha vidonge hakutoshi. Inafaa kukifungua na kutazama, na kupiga picha ya radio.

3. Kano na neva zilizokatika. Vidole vinavutwa na kamba nyeupe zinazoitwa kano. Jiwe linaweza kukata kano kupitia tundu la sentimita moja tu. Anayeshona ngozi bila kuomba mgonjwa akunje na anyooshe kila kidole, kimoja kimoja, na bila kupima kama ncha ya kidole bado inasikia, anaweza kuifunika hasara chini ya mshono mzuri. Kano iliyokatika inaungwa vizuri katika siku za kwanza. Baada ya wiki kadhaa ncha zake zimerudi nyuma na kushikamana, na kazi inakuwa ngumu sana. Usaha ndani ya mfuko wa kano nao ni hatari: kidole kizima kimevimba, kimekaa kimekunjika, kinauma kikiguswa upande wa kiganja, na kinauma zaidi kikinyooshwa. Dalili hizo nne zinaitwa kwa jina la Daktari Kanavel wa Chicago, na mpaka leo ndizo tunazozitafuta. Huyo anahitaji kupasuliwa mapema, asingoje kesho kutwa.

4. Nyama zilizosongwa. Jiwe limeangukia mguu, au gurudumu limeukanyaga. Ngozi haikupasuka, mgonjwa anaambiwa ni uvimbe tu. Lakini nyama za mguu na za mkono zimefungwa ndani ya mifuko migumu isiyotanuka. Damu na maji vikijaa mfukoni humo, nyama zinakosa hewa na zinaanza kufa katika muda wa saa 6 hivi. Katika hospitali za Goma mtasikia jambo hili likiitwa sendromu ya loji. Dalili ya kwanza ni maumivu yanayozidi jeraha: dawa haiyapunguzi, na mtu mwingine akivuta vidole vya mguu, mgonjwa anapiga kelele. Mguu unakuwa mgumu kama ngoma, kisha unakufa ganzi. Msidanganyike kwa sababu mguu una joto na rangi yake ni nzuri. Rangi inabadilika mwisho, wakati nyama zimekwisha kufa. Fungueni bandeji, na mbao kama zimefungwa, mpelekeni hospitali mbio. Kumchua na kumkaza kwa mianzi kunaongeza hasara.

5. Mfupa uliopasuka bila kuonekana. Mtu ameteleza juu ya lava, amejizuia kwa kiganja. Picha ya siku ya kwanza haionyeshi kitu, anaambiwa ni mteguko. Lakini kuna mfupa mdogo wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, ambao ufa wake mara nyingine unaonekana baada ya siku 10 mpaka 14. Kama pale bado panauma, mkono ufungwe na picha irudiwe. Mfupa huo usipoungana, mshika nyundo amepoteza kazi yake.

6. Jicho. Chuma kikipiga chuma, kwa mfano nyundo juu ya baramini, chembe inaruka kwa nguvu na inaweza kuingia ndani ya jicho huku maumivu yakiwa madogo. Usisugue, usitie dawa ya jirani. Ukisema kwa muuguzi "nilikuwa ninapiga chuma", umempa neno la maana kuliko yote.

Na juu ya hayo sita kuna lile linaloweza kutoka katika kidonda cho chote: uchafu kuingia katika damu. Homa au baridi kali, moyo kwenda mbio, kupumua haraka, kuchanganyikiwa, mkojo kupungua, maumivu yasiyolingana na kidonda. Huyo hangoji asubuhi.

YALIYOTOKEA NEW YORK

Msidhani mambo haya ni ya maskini peke yao. Mwisho wa Machi 2012, katika mji wa New York, Marekani, kijana wa miaka 12 alianguka akicheza mpira wa kikapu shuleni na kuchubuka mkono. Mchubuko ule walikuwa nao watoto wengi. Kesho yake akawa na homa, akatapika, mguu ukamuuma. Alionwa na daktari, akapelekwa hospitali, akaongezewa maji, akarudishwa nyumbani kama mgonjwa wa tumbo. Majibu ya damu yake yalitoka wakati yeye amekwisha kuondoka. Yalionyesha kwamba mwili ulikuwa ukipigana na uchafu mkubwa, lakini wazazi wake hawakupata habari. Alikufa tarehe 1 Aprili 2012. Mwaka 2013 jimbo la New York lilitoa kanuni zinazoitwa kwa jina lake: hospitali zote za jimbo zitafute dalili za uchafu katika damu kwa mpango uliowekwa na zianze matibabu bila kukawia.

Tazameni vizuri: hospitali ilikuwa na mashine, madaktari na dawa. Kilichokosekana ni kuunganisha mambo matatu, yaani mchubuko wa juzi, homa ya jana na majibu ya damu ya leo. Ndiyo maana tunawaambia: ukienda kwa daktari kwa homa, mwambie pia juu ya kidonda, hata kama unakiona ni cha aibu kwa udogo wake.

LINI NI KOSA, LINI SI KOSA

Wengi wanafikiri mgonjwa akiharibika, daktari amekosa. Sheria haisemi hivyo. Wengine wanafikiri daktari hashitakiwi kamwe. Sheria haisemi hivyo pia.

Kitabu chetu cha sheria za raia, katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo bado inatumika, kinasema katika vifungu vya 258 na 259 kwamba anayemwumiza mwenzake kwa kosa lake anapaswa kulipa hasara, hata kama kosa hilo ni uzembe au kukosa uangalifu. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba bwana wa kazi anajibu kwa makosa ya watumishi wake wakiwa kazini. Kwa hiyo hospitali au kampuni yenye dispanseri inaweza kudaiwa kwa kosa la muuguzi wake.

Anayedai anapaswa kuonyesha mambo matatu:

Kwanza, kosa. Daktari haahidi kuponya. Anaahidi kutibu kwa uangalifu na kwa elimu ya wakati wake. Wafaransa waliliweka wazi jambo hili katika hukumu ya tarehe 20 Mei 1936 inayoitwa Mercier, na wanasheria wetu wanalifuata. Kushona kidole bila kupima kano kunaweza kuwa kosa. Kidole kubaki kigumu baada ya kano kuungwa vizuri, peke yake, si kosa.

Pili, hasara. Mguu uliokatwa, mshahara uliopotea, maumivu, mazishi.

Tatu, kiungo kati ya kosa na hasara. Hapa ndipo madai mengi yanapovunjika. Jaji anauliza: kama mgonjwa angetibiwa inavyofaa, je, hasara ingekuwapo vile vile?

Kesi moja ya Uingereza, iliyoamuliwa mwaka 1974, inafundisha vizuri, kwa sababu ni ya mfanyakazi kama sisi. Majaji wa kule hawawafungi wa kwetu, lakini namna yao ya kupima mambo inasaidia kuelewa. Fundi mmoja wa Posta aliteleza kwenye ngazi iliyokuwa na mafuta, akachubuka mguu mbele ya mfupa. Kidonda kidogo. Daktari akampiga sindano ya kuzuia pepopunda, ile iliyotengenezwa kwa damu ya farasi kama ilivyokuwa siku zile. Baada ya siku chache ubongo wake ukavimba, akabaki na hasara kubwa. Mahakama iliona kwamba daktari hakufanya jaribio la sindano jinsi ilivyotakiwa. Lakini iliona pia kwamba hata jaribio lililofanywa vizuri lisingeonyesha hatari ile. Basi kiungo kilikosekana, daktari hakulipa. Nani alilipa? Posta, mwajiri, kwa sababu ya mafuta yale kwenye ngazi. Aliyesababisha kidonda kidogo alibeba pia mzigo wa matatizo yaliyofuata.

Mashefu wa ekipi na kapita wasome mistari hiyo mara mbili. Kopo la mafuta linalomwagika kwenye ngazi asubuhi linaweza kuifikisha kampuni mahakamani.

Kuna njia ya adhabu pia. Kitabu cha makosa ya jinai, katika vifungu vya 52 mpaka 54, kinamwadhibu anayeua au kuumiza bila kukusudia, kwa kukosa kuona mbele au kukosa tahadhari: miezi 3 mpaka miaka 2 gerezani kama mtu amekufa, siku 8 mpaka mwaka 1 kama ameumia. Lakini muda unapita. Kwa kuumiza, serikali inaweza kushitaki katika mwaka 1 tu. Kwa kifo, katika miaka 3. Madai ya pesa katika sheria ya raia yana muda mrefu zaidi, lakini kumbukumbu za watu hazina muda mrefu. Shahidi anahama, kaye inachakaa, muuguzi anabadilisha kazi.

Daktari ana pia chama kinachochunguza mwenendo wake, kilichowekwa na sheria ya mwaka 1968, na wauguzi wana chao kwa sheria ya mwaka 2016. Vyama hivyo havimlipi mgonjwa, lakini vinaweza kumwadhibu mwenzao.

KAMPUNI NA CNSS

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na jamaa yake. Ajali ya kazini inatangazwa na mwajiri kwa CNSS, iliyoshika mahali pa INSS. Faida ya njia hii ni kwamba mfanyakazi hahitaji kuonyesha kosa la mtu ye yote. Anatakiwa kuonyesha kwamba aliumia kazini, na kwamba ulemavu wake umetoka katika jeraha lile. Basi mchubuko usioandikwa siku ya kwanza unaweza kumnyima mtu malipo ya mguu uliokatwa siku ya 30, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba mguu huo ulianza kuumia karieri.

Tangu vita vya Januari 2025, ofisi nyingi za serikali katika Goma hazikuendelea na kazi kama zamani. Hiyo ni sababu ya kushika karatasi zako vizuri zaidi, kwa maana huenda ukazihitaji mbele ya ofisi nyingine, siku nyingine.

MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Methali hii ya wafanya biashara inafaa kwa wagonjwa pia. Kila mchubuko uandikwe katika kitabu cha dispanseri: siku, saa, mahali, kitu kilichoumiza, sehemu ya mwili, kilichofanywa, chanjo ya mwisho, na siku ya kurudi. Nawe uwe na kaye yako nyumbani yenye maneno yale yale.

Jina liandikwe lote, la kwanza na la jamaa, pamoja na nambari ya matrikuli. Mnakumbuka habari ya Novemba 2007 katika taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walilazwa: mmoja ameumia goti, mwingine ana uvimbe ndani ya kichwa. Mwenye goti alipasuliwa kichwa, na mwenye kichwa alipasuliwa goti. Majina yanayofanana ni ya kila siku kwetu. Katika ekipi moja mnaweza kuwa na akina Bahati watatu na akina Amani wanne. Mtu akikuita kwa sindano, taja jina lako lote na useme unaumwa wapi.

Kwa wauguzi wenzangu: maandiko yanatulinda na sisi. Aliyeandika "vidole vyote vinakunja, ncha zinasikia, ameambiwa arudi kesho kutwa" ana jibu siku akiulizwa. Aliyeandika "kidonda, bandeji" hana jibu, hata kama alifanya kazi nzuri. Na mgonjwa akirudi mara ya pili kwa maumivu yale yale, msimwite mvivu. Kurudi kwake ni dalili. Mgonjwa anayerudi mara ya tatu aonwe na daktari.

MAULIZO YA WASOMAJI

Ulizo: Niliambiwa nirudi baada ya siku 2, nikarudi baada ya siku 10. Nimepoteza haki yangu?
Jibu: Si lazima yote. Jaji anaweza kugawa kosa kati yako na aliyekutibu, na malipo yakapungua. Lakini kama hukuambiwa urudi lini, mambo yanabadilika. Kwa hiyo omba siku ya kurudi iandikwe.

Ulizo: Mimi ninavunja mawe kwa siku, sina kontra. Maneno haya yananihusu?
Jibu: Malipo ya CNSS ni kwa wafanyakazi walioandikishwa. Lakini vifungu vya 258 mpaka 260 ni vya kila mtu, mwenye kontra na asiye na kontra, na mama anayevunja kokoto kando ya njia pia. Pepopunda nayo haiulizi kontra.

Ulizo: Nikidai, nitafukuzwa kazi?
Jibu: Sheria ya kazi inasema kwamba kupeleka malalamiko juu ya mwajiri anayevunja sheria si sababu halali ya kufukuza mtu. Anza na mjumbe wa sendika. Omba jibu kwa maandishi. Tafuta avoka kama mambo hayaendi. Matusi na vurugu mbele ya dispanseri havisaidii, vinampa mwenzako sababu ya kukushitaki wewe.

Ulizo: Nimwage unga wa kapsuli juu ya kidonda?
Jibu: Hapana. Wala mafuta ya gari, wala majani yaliyotafunwa. Vitu hivyo vinafunga uchafu ndani na vinamficha muuguzi hali ya kidonda. Osha kwa maji safi mengi na sabuni, dakika 10 hivi, funika kwa kitambaa safi, njoo dispanseri.

MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KUTOKA DISPANSERI

1. Kidonda kimeoshwa mpaka chini, na kimetafutwa kama kuna kitu ndani?
2. Vidole vyangu vimepimwa kimoja kimoja?
3. Chanjo yangu ya pepopunda ni ya lini, nahitaji nyingine?
4. Nirudi siku gani?
5. Nikiona nini nirudi mara moja, hata usiku?
6. Imeandikwa katika kitabu, na katika kaye yangu?

Kata maulizo haya sita, yabandike ndani ya sanduku lako la vyombo. Hayamtukani muuguzi. Muuguzi mwema atafurahi kuyasikia, kwa sababu ndiyo maulizo aliyofundishwa kujiuliza mwenyewe.

Na wewe uliye na kidonda sasa hivi chini ya glavu, ambacho hukumwonyesha mtu: maliza kusoma, kisha njoo. Dispanseri iko wazi.